Somo la Robo Hii: Kabla ya Kuchangia Mradi, Tuulize Utafiti Unasema Nini

Na Mratibu wa Miradi, Dayosisi



Kila mwaka kamati za maendeleo za sharika zetu hukaa kupanga miradi. Maandiko yanayofika ofisini yanafanana: vyandarua, vitabu vya shule, majiko banifu, kilimo bora cha mahindi. Kila andiko lina nia njema, na nyuma ya kila shilingi kuna sadaka ya mtu. Mara nyingine ni mjane aliyeuza mkungu wa ndizi, mara nyingine ni mstaafu wa usharika rafiki ng'ambo.

Swali la somo hili ni moja: tunajuaje kwamba mradi unaleta matokeo tuliyoahidi? Mtume Paulo aliwaelekeza Wathesalonike wapime kila jambo kabla ya kulishika (1 Thes. 5:21). Bwana wetu naye alitoa mfano wa mtu anayekaa kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara (Luka 14:28). Kupima si kukosa imani. Ni sehemu ya uwakili.

Katika somo hili tutaangalia tafiti chache za miaka ya karibuni kuhusu tiba, elimu ya lugha, uhandisi na sayansi ya kilimo. Nyingi zilifanyika hapa Tanzania au kwa majirani zetu. Baadhi zilithibitisha matumaini ya watu na baadhi ziliyakanusha. Zote zina la kutufundisha.

1. KWA NINI TULINGANISHE?

Taarifa nyingi za miradi huandikwa hivi: "Kabla ya mradi wagonjwa walikuwa wengi, baada ya mradi wamepungua." Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli na bado yasithibitishe chochote. Tukigawa vyandarua mwezi wa tano, wakati mvua za masika zinaisha, malaria itapungua mwezi wa nane hata kama hakuna aliyefungua mfuko wa chandarua. Mvua ndizo zilizokatika.

Ndiyo maana watafiti hutumia kundi la ulinganisho. Huchukua vijiji vingi au shule nyingi zinazofanana, kisha hupiga kura kuamua zipi zipate huduma mpya na zipi ziendelee na huduma ya kawaida. Kura huondoa upendeleo, kwa sababu kijiji hakichaguliwi kwa kuwa mwenyekiti wake ni hodari au barabara yake ni nzuri. Mwishoni pande zote mbili hupimwa kwa kipimo kile kile. Tofauti inayobaki, kama ni kubwa kuliko ile inayoweza kutokea kwa bahati tu, ndiyo kazi ya huduma mpya.

Wengine huuliza kama ni haki kuwanyima wengine huduma kwa ajili ya utafiti. Utafiti ulio sawa haumwachi mtu bila kinga iliyokwisha kujulikana. Katika mfano unaofuata, hata vijiji vya ulinganisho vilipewa vyandarua vipya vya aina iliyokuwa ya kawaida. Isitoshe, hakuna aliyejua mapema kwamba aina mpya ingeshinda.

2. TIBA: VYANDARUA VYA MULEBA NA MISUNGWI

Kwa miaka mingi vyandarua vyote vyenye dawa vilitegemea dawa za aina moja, yaani pairethroidi. Mbu wakazoea. Katika maeneo mengi ya Kanda ya Ziwa mbu walifikia hatua ya kutua juu ya chandarua chenye dawa bila kufa.

Mwaka 2015 watafiti waligawa vyandarua wilayani Muleba, mkoa wa Kagera. Makundi 48 ya makazi yalipangwa kwa kura. Baadhi yalipata vyandarua vya kawaida, na mengine vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayodhoofisha usugu wa mbu. Nusu ya makundi ya kila upande yalipuliziwa pia dawa majumbani. Baada ya miezi 9, watoto 42 kati ya kila 100 katika makundi ya vyandarua vya kawaida walikutwa na vimelea vya malaria. Katika makundi ya PBO walikuwa 29. Baada ya miezi 21 walikuwa 62 kwa 45. Ugonjwa ulipanda pande zote mbili, lakini tofauti ilibaki.

Utafiti wa pili ulianza Januari 2019 wilayani Misungwi, mkoa wa Mwanza, ukilinganisha aina nne za vyandarua katika makundi 84 ya makazi. Uliendeshwa na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, pamoja na chuo cha tiba cha KCMC cha Moshi na vyuo vya Uingereza na Kanada. KCMC tunaifahamu. Ni hospitali ya Shirika la Msamaria Mwema, na Walutheri wa kaskazini wamezaliwa na kutibiwa humo tangu ilipofunguliwa mwaka 1971.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, watoto 46 kati ya 100 waliolala katika eneo la vyandarua vya kawaida walikuwa na vimelea. Katika eneo la PBO walikuwa 41, tofauti ndogo ambayo inaweza kuwa ya bahati. Katika eneo la vyandarua vyenye dawa mbili, pairethroidi na klofenapiri, walikuwa 26. Katika miaka hiyo miwili watoto wa eneo la klofenapiri waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 kuliko wa eneo la vyandarua vya kawaida. Mwezi Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo vitumike mahali penye mbu sugu.

Kamati ione mambo mawili hapa. Kwanza, neno "chandarua" halitoshi katika andiko la mradi. Vyandarua viwili vinaweza kufanana rangi na ukubwa, huku kimoja kikiwaacha karibu nusu ya watoto na vimelea na kingine robo tu. Kabla ya kununua, mwulizeni mganga mkuu wa wilaya mbu wa eneo lenu ni sugu kwa dawa gani, na ni aina gani Serikali inagawa huko. Pili, muda una uzito wake. Huko Misungwi vyandarua vilichakaa na kutoboka, na wanaovitumia wakapungua mwaka hata mwaka. Mradi unaohesabu vyandarua siku ya kugawa tu haujahesabu watoto wanaolala chini yake miaka miwili baadaye.

3. ELIMU YA LUGHA: VITABU VYA BUSIA NA RUZUKU ZA SHULE

Mfano huu unatugusa kwa sababu aliyetoa vitabu alikuwa mfadhili wa Kikristo. Katika miaka ya 1990 shirika la ICS la Uholanzi lilisaidia shule za msingi katika eneo la Busia, magharibi mwa Kenya. Shule 100 zilichaguliwa, na mwaka 1996 shule 25 kati ya hizo, zilizopangwa bila upendeleo, zikapewa kwanza vitabu vya kiada. Mchumi Michael Kremer wa Marekani na wenzake walifuatilia mitihani. Kremer ni mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za namna hii.

Kila mtu alitarajia alama zipande. Hazikupanda. Kwa wastani shule zilizopata vitabu hazikuzidi zile ambazo hazikupata. Walionufaika walikuwa wanafunzi ambao tangu mwanzo walikuwa wakifanya vizuri.

Watafiti walipochunguza sababu, walikuta lugha. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Kwa watoto wengi wa Busia Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Wanafunzi wengi wa madarasa ya chini hawakuweza kusoma kitabu walichopewa. Kitabu kilikuwa kizuri, kikakaa mikononi mwa mtoto asiyeweza kukifungua kwa maana halisi.

Nchini kwetu shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili halikupata ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bakshishi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na kundi la nne halikupata chochote. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu. Bakshishi peke yake ilileta matokeo madogo na ya kuchanganya. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizoonyesha maendeleo ya wazi.

Sisemi kila usharika uanze kuwalipa walimu bakshishi. Ninachosema ni kwamba fedha na vitabu hufanya kazi pale ambapo mtu anayefundisha ana sababu na uwezo wa kuvitumia, na mtoto anaielewa lugha. Usharika unaotaka kununua vitabu vya Kiingereza kwa shule ya mtaa uanze na jambo jepesi. Mwombeni mwalimu mkuu watoto 20 wasome ukurasa mmoja wa kitabu hicho kwa sauti na kueleza walichosoma. Kama 15 hawawezi, fedha hizo ziende kwanza kwenye vitabu vya kujifunzia kusoma Kiswahili, au kwenye saa za ziada za kusoma.

4. UHANDISI: MAJIKO YA MALAWI

Majiko banifu yamekuwa mradi pendwa wa makanisa kwa zaidi ya miaka 20. Moshi wa kuni unadhuru, hilo halina ubishi. Kwa hiyo maandiko mengi huahidi kwamba jiko jipya litapunguza homa ya mapafu kwa watoto.

Huko Malawi ahadi hiyo ilipimwa. Watafiti walichukua vijiji 150 katika maeneo ya Chikhwawa na Chilumba, vyenye watoto 10,750 wa umri wa chini ya miaka minne na nusu. Kwa kura, kaya za nusu ya vijiji zilipewa majiko mawili kila moja. Hayakuwa majiko ya udongo. Yalikuwa na feni ndogo inayopuliza moto ili kuni ziungue vizuri, pamoja na kifaa cha sola cha kuyachaji. Kaya za nusu nyingine ziliendelea na mafiga. Watoto walifuatiliwa kwa miaka miwili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Homa ya mapafu ilikuwa sawa pande zote mbili: wagonjwa karibu 16 kwa mwaka kwa kila watoto 100, wenye jiko jipya na wasio nalo. Watafiti walitaja sababu kadhaa. Majiko yaliharibika na matengenezo yakawa magumu. Pia mtoto havuti moshi wa jikoni kwao tu, kuna takataka zinazochomwa, tumbaku, na jiko la jirani. Utafiti mwingine, uliotoa majiko ya gesi na gesi ya bure katika Rwanda, Guatemala, India na Peru, ulichapishwa mwaka 2024. Huko moshi ulipungua sana, lakini homa ya mapafu kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika.

Je, tuache majiko? Hapana. Katika utafiti ule ule wa Malawi, watoto walioungua moto walipungua kwa asilimia 42. Hilo si jambo dogo kwa mama yeyote. Jiko linalotumia kuni chache humpunguzia mama mzigo wa kichwani na huokoa miti. Tunachopaswa kubadilisha ni ahadi. Tuandike kwamba mradi utapunguza kuni na ajali za moto, tupime kuni na ajali za moto, na tuache kumwahidi mfadhili jambo ambalo tafiti kubwa hazikuliona.

5. SAYANSI: MAHINDI, DESMODIAMU NA KIDUHA

Kwa wakulima wa mahindi adui ni wengi: funza wanaotoboa mabua, kiduha kinachonyonya mizizi, na tangu mwaka 2016 viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika. Taasisi ya ICIPE ya Kenya, katika kituo chake cha Mbita kando ya Ziwa Victoria, ikishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, ilibuni njia iitwayo "sukuma-vuta" katika miaka ya 1990. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na majani ya tembo huzunguka shamba. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wanaotaga, na majani ya tembo huwavuta nje. Mizizi ya desmodiamu nayo huzifanya mbegu za kiduha ziote na kufa kabla ya kushika mahindi. Tena desmodiamu ni jamii ya kunde, huongeza naitrojeni kwenye udongo na ni malisho mazuri ya ng'ombe. Maelfu ya wakulima wa Afrika Mashariki wameifuata na kuona mavuno yakiongezeka.

Hivi karibuni wanasayansi walirudi kuuliza: je, ni kweli harufu ndiyo inayosukuma? Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, ukihusisha chuo kikuu cha kilimo cha Sweden, haukukuta desmodiamu ikitoa harufu hiyo kwa kiasi cha kufukuza wadudu. Badala yake uliona kwamba vinyweleo vya majani yake huwanasa na kuwaua viwavi. Watafiti wengine wamepima mashambani na kuripoti kwamba harufu zipo. Mjadala haujafungwa.

Kwa mkulima hili halina hasara. Faida ya shambani ilithibitishwa kwa kulinganisha mashamba, hata kabla sababu yake haijakubaliwa na wote. Kwa kamati hapa kuna somo: kuna tofauti kati ya kujua kwamba jambo linafanya kazi na kujua ni kwa nini linafanya kazi. Tukipata la kwanza tunaweza kuanza. La pili linatusaidia tusikosee tunapolihamishia mahali pengine, penye mvua kidogo au wadudu tofauti.

6. MASWALI MATANO YA KUULIZA KABLA YA KUPITISHA MRADI

Kamati haihitaji kuwa na wasomi wa takwimu. Inahitaji kuuliza haya:

(a) Kulikuwa na ulinganisho? Kama mtoa mada anasema mradi "umefanikiwa sana" mahali fulani, mwulizeni: ukilinganisha na nani?

(b) Tofauti ni ya ukubwa gani? Ombeni hesabu kwa watu 100. "Malaria imepungua" haitoshi, lakini "kutoka 46 hadi 26" inaeleweka na kila mzee wa kanisa.

(c) Ilikuwa kwa nani? Vitabu vya Busia viliwafaa watoto wachache wa mbele. Je, sisi tunamlenga nani?

(d) Ilidumu muda gani? PBO ilionyesha nguvu Muleba, lakini Misungwi baada ya miaka miwili tofauti ilikuwa ndogo.

(e) Mazingira yanafanana na yetu? Mbu, lugha ya watoto, mvua, fundi wa kutengeneza kilichoharibika.

7. KUPIMA KWETU WENYEWE

Usharika hauwezi kufanya utafiti wa vijiji 150, na hauna haja. Lakini unaweza kuanza kwa kuhesabu. Kabla ya mradi, andikeni hali ilivyo: watoto wangapi wa darasa la pili wanasoma aya moja, mama anatumia mizigo mingapi ya kuni kwa wiki, gunia ngapi kwa ekari. Kama fedha zinatosha mitaa mitatu kati ya sita mwaka huu, pigeni kura hadharani ni mitaa ipi ianze, na mitaa mitatu iliyobaki ihesabiwe pia huku ikisubiri zamu yake. Waumini wataona haki imetendeka, na kamati itapata ulinganisho bila gharama ya ziada. Mwaka unaofuata rudini kwenye kaya zile zile, zikiwemo zile zilizoacha.

Kuna hofu kwamba tukiripoti matokeo madogo, wafadhili watakimbia. Napenda kusema wazi kwa pande zote mbili. Kwa kamati: taarifa inayosema kila kitu kimekwenda vizuri kila mwaka haimsaidii mtu, na mtoto asiyejua kusoma atabaki asiyejua kusoma hata kama picha za makabidhiano ni nzuri. Kwa wafadhili wetu wapendwa: mkipokea taarifa inayosema "hili halikufanya kazi, tunaomba kubadilisha," ipokeeni kama taarifa ya wakili mwaminifu. ICS walikubali vitabu vyao vipimwe, na kwa sababu hiyo waliokuja baada yao waliweza kujifunza kuhusu lugha na kusoma. Wangekataa, huenda wengi wangeendelea kununua vitabu vile vile hadi leo.

Kwa maandiko ya mradi ya mwaka ujao, tunaomba kila kamati iongeze ukurasa mmoja wenye majibu ya maswali matano ya hapo juu, pamoja na hesabu za mwanzo. Ukurasa ulioandikwa kwa mkono utapokelewa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Taja mradi mmoja wa usharika wetu wa miaka mitano iliyopita. Tuliahidi nini? Tulipima nini?

2. Kama tungekuwa kamati ya Busia na tumeletewa matokeo ya vitabu, tungemwandikia mfadhili nini?

3. Ni mitaa ipi ya usharika wetu inayofanana kiasi cha kuweza kulinganishwa? Tungepigaje kura bila kuleta manung'uniko?

4. Je, vyandarua vilivyopo majumbani mwetu ni vya aina gani, na vina umri gani? Nani atauliza wilayani kabla ya kikao kijacho?

Mungu atupe hekima ya kupima na moyo wa kutoa. Amina.